Painti Moja Mbele ya Mayur

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na Sista Chelagat wa benki ya damu. Sisi wachangiaji wa siku nyingi tumeombwa tuandike tunachokula na tunavyojisikia kabla na baada ya kutoa damu. Mimi nimepewa lenye jalada jepesi, wino unaonekana upande wa pili. Mayur amepewa lenye jalada gumu. Nimeuliza kwa nini, nikaambiwa ndivyo yalivyotoka kwenye boksi. Haya.

Nimekula ugali na mboga ya managu. Najisikia vizuri, isipokuwa hilo la jalada.

Jumatano, 5 Machi

Vumbi tupu, mvua bado. Nashona sare za shule, mashati mia mbili meupe, na kila nikilaza kitambaa mezani kinabadilika rangi. Mke wangu Namalwa, ambaye kazi yake ni matundu ya vifungo, anasema nifunge dirisha. Siwezi. Nikifunga sitamwona Mayur.

Si kwamba ninapenda kumtazama. Duka lake la vitambaa liko ng'ambo ya barabara, hatua hamsini kutoka kwenye cherehani yangu, na nimekaa hapa miaka mingi mno, macho yanakwenda yenyewe. Yeye ndiye anayeniuzia majora ya kitambaa. Tulianza kutoa damu siku moja, mwaka ule wa ajali ya basi, watu kumi na wawili wa mtaa huu tukapakiwa kwenye pikapu moja. Kumi wameacha. Presha, sukari, uzee, kifo. Tumebaki yeye na mimi.

Kila tarehe kumi na nne Juni, siku ya wachangiaji, anayeongoza kwa painti huitwa mbele peke yake. Mimi nimeitwa mara mbili. Mayur mara sita. Mwaka jana alipasuliwa nyongo akakosa zamu mbili, nikamfikia, sitini na saba kwa sitini na saba. Sikufurahia upasuaji. Nilifurahia hesabu tu. Juma lijalo natoa tena.

Jumatano, 12 Machi

Painti ya sitini na nane. Mkono haukutetemeka, presha nzuri, damu ilijaa mfuko haraka mpaka Sista Chelagat akasema, "Mzee, wewe bado kijana." Nikacheka. Halafu akaiangalia kadi yangu.

"Mzee Bethwel, hapa inasema tarehe tisa mwezi wa sita unafikisha sitini na tano."

"Na tarehe kumi na mbili ndiyo siku yangu ya kurudi."

"Ndiyo maana nakuambia mapema. Siku tatu tu. Sitini na tano ndiyo mwisho, si mimi nimeweka. Hii ndiyo ya mwisho, mzee wangu. Umetusaidia sana."

Akanipa soda mbili. Siku zote ni moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba ananiaga.

Alhamisi, 13 Machi

Sikula.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaliandika jambo hili hapa kwa kuwa Namalwa peke yake ndiye anayelijua, na yeye hasomi mwandiko wangu. Mimi sina miaka sitini na minne. Nina sitini na miwili.

Nilipofika Nakuru kutafuta kazi nilikuwa na miaka kumi na sita. Mzee Mohanlal, babake Mayur, alikuwa na oda kubwa ya sare na alitaka fundi, lakini fundi mwenye kitambulisho. Akanitazama, akatazama mshono wangu, akasema, "Nenda kwa chifu, mwambie kumi na minane." Nikaenda. Chifu aliuliza siku gani, nikataja siku yangu ya kweli na mwaka wa uongo. Wengi wa rika langu walifanya hivyo, wa kuongeza wakaongeza, wa kupunguza wakapunguza, kila mtu kwa shida yake. Miaka miwili ile ilinipa cherehani, nyumba, mke. Sijawahi kuijutia mpaka juzi.

Maana sasa serikali inahesabu miaka ambayo sikuiishi. Mayur ametimiza sitini na mmoja mwezi uliopita, wa kweli, ana cheti cha hospitali. Atatoa damu miaka minne mingine. Mimi nimefungiwa mlango nikiwa painti moja tu mbele yake, na atanipita akitembea.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imefika, na si ya mchezo. Barabara ilikuwa mto saa nzima. Mayur alivuka akiwa ameshikilia mfuko wa nailoni kichwani, akasimama mlangoni akidondoka maji.

"Fundi, Sista ameniambia. Pole sana."

"Amekuambia wewe? Kwa nini?"

"Aliniuliza kama una shida nyingine, maana ulitoka hapo vibaya." Akajipangusa uso. "Lakini si mbaya. Sasa utapumzika."

Utapumzika! Mtu aliyekaa kwenye stuli akipima kitambaa maisha yake yote ananiambia mimi nipumzike. Nilimpa chai kwa sababu Namalwa alikuwa ananitazama. Aliinywa yote, akasifu sukari, akaenda zake. Niliona furaha usoni mwake. Namalwa anasema aliona baridi.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda Elburgon kwa dada yangu Chepkosgei. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka tisa na ndiye aliyenibeba mgongoni. Nilitaka aje kwa wakili aseme nilizaliwa lini. Aliniandalia maziwa, akaniuliza habari za safari, halafu akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Binti yake amesema imekuwa hivyo tangu Krismasi.

Nililia kidogo kwenye choo. Nusu ya machozi ilikuwa yake.

Jumatano, 2 Aprili

Wakili amesema kubadilisha kitambulisho kutachukua mwaka na zaidi, lakini hati ya kiapo yenye shahidi inaweza kumtosha daktari wa benki ya damu. Sista Chelagat amethibitisha. Shahidi awe mtu aliyenijua wakati ule na anayejua umri wangu wa kweli.

Jioni Namalwa aliacha vifungo akasema, "Si ni Mayur? Hukuniambia alikuwa kwenye kaunta siku hiyo, anakula njugu?"

Alikuwepo. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alicheka aliposikia "kumi na minane" na babake akampiga kofi.

"Sitamwuliza," nikasema.

"Kwa nini?"

"Atakataa."

"Hujamwuliza, na umeshajua jibu." Akarudi kwenye vifungo vyake.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zimefungwa jana. Nimepeleka mashati ya mwisho, nikapitia benki ya damu bila sababu. Sista Chelagat alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Akanifungulia friji nione. Rafu za juu tupu, za chini tupu, mifuko michache imelala kwenye kona.

"Unajua nani anatoa damu siku hizi, mzee? Wanafunzi. Wengi wa wanaokuja ni watoto wa form three na form four. Wakienda holiday, mimi nabaki na nyinyi wawili watatu. Watu wazima wanakuja tu wakiwa na mgonjwa wao wodini. Wanaume wa umri wako, hakuna. Akina mama, wengi damu yenyewe haitoshi."

"Zamani tulikuwa tunajaza pikapu."

"Pikapu imezeeka, mzee."

Nilitoka nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani. Hao watoto nawashonea mimi. Wanatoa painti moja, wanapigana picha na plasta kwenye mkono, na kumbe wao ndio wanaoushikilia mji. Mimi na sitini na nane zangu ni kona ya friji.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo niseme lile linaloniuma zaidi. Si painti. Ni aina.

Damu ya Mayur ni O hasi. Wako wachache mno. Anaweza kumsaidia mgonjwa yeyote wa kundi lolote, kwa hiyo huambiwa asije kwenye kambi za kawaida, akae tayari, akihitajika atapigiwa simu. Wakimpigia, huenda kwa boda akapokelewa mlangoni, muuguzi ameshika mlango. Yangu ni O chanya, kama nusu ya watu wanaopita hapa barabarani. Sijawahi kupigiwa simu. Mimi hupanga foleni, nasubiri nikiwa na namba, na damu yangu inaingia kwenye rafu pamoja na za wengine.

Tumbo la mama yake lilimpa hiyo, si juhudi. Mimi nilipoacha pombe kwa ajili ya damu hakuna aliyenipigia makofi. Naona wivu, naandika neno lenyewe. Naona wivu wa damu ya mtu.

Tangu Januari hajapigiwa. Akikaa hivi mpaka Juni, mimi nitaitwa peke yangu, sitini na nane kwa sitini na saba.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana kichwani mwangu tayari yameanza kujipanga vizuri kuliko yalivyokuwa.

Stima zilipotea alfajiri. Mvua ilianza saa tatu. Namalwa alikuwa amekwenda kanisani kupamba kwa ajili ya Pasaka. Saa nne na dakika kumi simu yangu ililia, Sista Chelagat. Niliangalia saa ya ukutani, ndiyo maana najua.

"Mzee Bethwel, uko dukani? Mayur hapatikani, simu yake imezima, na alitupa namba yako tukimkosa. Tuko na mama hapa ameletwa kutoka Naivasha, amejifungua na damu haikatiki. Sina kitu cha kumpa, friji umeiona. Namtaka Mayur. Mwambie aje sasa hivi, hata na boda."

"Nimesikia."

"Sasa hivi, mzee."

Niliinua macho. Mayur alikuwa mlangoni pa duka lake, palipo na mwanga, anapima kitambaa cha kijani kwa yadi yake ya mbao. Niliona hata miwani imeteleza puani. Hatua hamsini. Ningeweza kupiga mluzi.

Nikajiambia nimalize ukosi huu kwanza, sindano ilikuwa katikati. Nikaumaliza. Nikajiambia mvua ipungue. Haikupungua. Akaja mteja kuulizia kaptura, nikamweleza habari za kaptura zaidi ya alizouliza. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilichokuwa nikifikiri hasa ni kwamba akienda leo tunakuwa sawa, na mwezi wa saba atanipita, na mimi mlango umefungwa. Asipoenda, nitaitwa peke yangu mara ya mwisho maishani. Nikafikiri pia: watampata mwingine. Mji mzima huu, watakosa mtu mmoja? Nilimtazama akikunja kile kitambaa cha kijani na nikashona ukosi wa pili, wa tatu, mpaka wa sita.

Saa tano na nusu simu ililia tena.

"Mzee, umempata?"

"Namtafuta," nikasema. "Hii mvua."

"Mvua imefanya nini?"

"Naenda."

Nikavuka. Nilipomwambia, Mayur hakuuliza swali hata moja. Aliacha yadi juu ya kitambaa, akatoka bila koti, akasimamisha boda katikati ya maji na kupotea. Hakufunga duka. Nikakaa kwenye stuli yake kulilinda mpaka saa tisa. Ukutani ana vyeti vyake sita kwenye fremu. Nilivisoma vyote, kisha nikavisoma tena.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Sikwenda kanisani. Nimesema ni kichwa.

Jumatano, 23 Aprili

Mama yule yuko hai, na mtoto wake, msichana, yuko hai. Nilimshukuru Mungu kwa sauti pale kwenye korido, mpaka Sista Chelagat akanishika kiwiko.

"Lakini walimtoa kizazi, mzee. Walingoja damu kadiri walivyoweza. Haikuja, wakafanya hivyo kumwokoa. Ya Mayur ilimkuta tayari ametoka theatre, ndiyo iliyomsimamisha baadaye. Anaitwa Jepkemei. Anafanya kazi kwa shamba la maua, Naivasha. Ana miaka ishirini na miwili na huyu ndiye mtoto wa kwanza."

"Ingefika mapema..."

"Usiulize hivyo."

"Nauliza."

Akatazama dirishani. "Daktari alisema saa moja mapema, pengine."

Ujumbe wa Sista nilikaa nao saa moja na dakika ishirini kwenye cherehani. Hajui.

Jumapili, 27 Aprili

Mayur amekuja nyumbani kwetu, jambo ambalo hafanyi Jumapili. Macho mekundu. Alikataa chai.

"Fundi, ni simu yangu. Nilijua stima zimepotea. Gari liko nje, ningeichaji kwa gari. Sista anipigie simu na mimi simu imelala kama gogo! Mtoto wa watu, ishirini na miwili."

"Usijilaumu," nikamwambia.

Nilisema hivyo, kwa sauti nzuri kabisa. Namalwa alinitazama kwa upole akidhani namfariji rafiki. Mayur akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Wanafunzi wamejaa barabarani na mashati yangu. Friji itajaa tena.

Jumapili, 4 Mei

Mayur amekwenda Naivasha kumwona Jepkemei. Ameniomba nimshonee mtoto gauni, akaleta kitambaa mwenyewe, pamba laini ya rangi ya limau, akasema tusitozane kitu. Nimelishona usiku na mchana wa jana. Ni gauni zuri. Nimefumua ukosi wake mara tatu.

Jioni alirudi anang'aa na analia kwa pamoja. Amemwomba Jepkemei msamaha. Jepkemei amemwambia, "Baba, simu ni kitu cha kuzima." Amemwita baba! Mtoto ameitwa Chepkorir, na Mayur amembeba mwenyewe, ana picha. Akanionyesha picha nane.

Jumatatu, 12 Mei

Namalwa alimwambia Mayur habari ya shahidi. Nilimkataza na amemwambia. Leo asubuhi Mayur alivuka barabara, akafunga mashine yangu kwa kifuniko chake, akasema, "Twende kwa wakili. Wewe ni mzee gani, unaogopa kuniomba kitu kidogo hivi?"

Mbele ya wakili aliapa kwamba mwaka ule alikuwa na miaka kumi na minne, na kwamba Bethwel, aliyekuja kazini kwa babake, alimzidi kwa miwili tu. Akaeleza mpaka zile njugu. Akasaini. Sasa naweza kutoa tarehe kumi na mbili Juni, na kwa miaka miwili zaidi. Nitakuwa sitini na tisa, yeye sitini na nane. Ameniweka mbele yake kwa mkono wake mwenyewe, akaninunulia na samosa.

Nilizila zote. Sikujua ladha.

Jumapili, 18 Mei

Naivasha tena. Gauni la pili, la bluu.

Jumapili, 25 Mei

Amekwenda tena. Kila Jumapili sasa. Anapeleka unga, dawa, sabuni ya mtoto, na kila Jumapili anaomba msamaha na kila Jumapili anasamehewa. Mtaa mzima unajua. Mwenye duka la simu amemwita mtu wa Mungu. Mchungaji wetu amemtoa kuwa mfano, yeye Mhindu, mbele ya kanisa letu, na watu wameitikia amina.

Nimetafuta leo jina la kitu kinachonikaba na nimelipata, na ni jina lilelile la zamani. Ni wivu. Namwonea wivu kwa hilo kosa. Ni langu. Mimi ndiye niliyelifanya, hatua hamsini, kosi sita, na yeye ameliokota barabarani akalivaa, na linampendeza. Analia hadharani machozi ambayo ni yangu. Anasamehewa msamaha ambao ni wangu. Miaka yote hii nimetaka alichonacho, na safari hii alichonacho ni changu kweli, na siwezi kukidai bila kusema nilikipataje.

Nimemwambia Namalwa kila kitu. Alichukua blanketi akalala kwenye chumba cha kuwekea vitambaa.

Jumatatu, 9 Juni

Leo serikali inasema nina miaka sitini na mitano. Mama yangu angesema sitini na mitatu. Namalwa bado analala kwenye chumba cha vitambaa.

Jumatano, 11 Juni

Nimevuka saa nne asubuhi. Hakukuwa na mvua. Alikuwa peke yake, anapanga majora.

"Mayur, siku ile Sista alinipigia saa nne na dakika kumi."

Hakuelewa. "Siku gani?"

"Siku ya Jepkemei. Mimi nilikuja kwako saa tano na nusu."

Aliliweka chini jora. "Ulikuwa wapi?"

"Kwenye cherehani."

"Uliniona?"

"Nilikuona. Ulikuwa unapima kitambaa cha kijani."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. "Ungekuwa sitini na nane," nikasema.

Aliangalia vyeti vyake ukutani, akaniangalia mimi. Alianza kusema kitu kwa Kigujarati, nadhani alikuwa anamwambia marehemu babake. Halafu akasema, "Miezi miwili. Miezi miwili silali. Mke wangu amenipeleka kwa daktari. Nimempigia magoti msichana wa watu."

"Najua."

"Unajua. Ndiyo, umekuwa ukijua." Akashika mlango. "Toka dukani mwangu, Bethwel."

Maisha yake yote ananiita fundi.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikwenda nikiamini Mayur ameshaondoa kiapo chake. Hakuondoa. Sista Chelagat alisema Mayur alipiga simu jana jioni akauliza tu kama karatasi zangu zimekamilika, akaambiwa ndiyo, akakata. Miaka miwili ile ni ya kweli na Mayur hawezi kusema uongo juu yake hata kwa hasira.

Kabla sijalala kitandani nilimwambia Sista pia. Alisimama na sindano mkononi. Nilimwambia kama hataki damu yangu nitaondoka.

"Damu nataka," akasema. "Kuna watu wodini. Lala." Akanichoma. Painti ya sitini na tisa. Sikupewa soda, nilichukua mwenyewe mezani.

Kabla sijatoka aliniandikia kwenye karatasi mtaa anakokaa Jepkemei, akaisukuma kwangu kwa kidole. "Namba yako nimeifuta kwenye kadi ya Mayur," akasema.

Jumamosi, 14 Juni

Hema, viti vya plastiki, spika mbovu. Nilihesabu vichwa vyenye mvi nikavikuta vinne. Wengine wote ni wanafunzi, safu kwa safu, wengi wasichana. Mwakilishi wao, msichana wa form three aitwaye Chepkurui, alisoma risala akasema mwaka huu shule yao pekee imetoa mifuko kuliko makanisa yote ya mji kwa pamoja, na kwamba likizo ya Agosti wamepanga zamu, watakuja wakitokea majumbani ili friji isikauke. Wamepanga wenyewe. Sisi watu wazima miaka yote hii hatukuwahi kufikiria kupanga zamu za kulinda friji. Tulikuwa tunapanga nani ataitwa mbele.

Waliniita. Peke yangu, kama nilivyotaka. "Sitini na tisa!" Watoto wakapiga makofi wakasimama. Nilipewa cheti na fulana. Kiti cha Mayur kilikuwa safu ya mbele, na jina lake kwenye karatasi. Nilisimama nikikitazama kile kiti, na nikagundua kwamba katika miaka yote hii, kila nilipojiona nimesimama hapa, nilijiona nikitazamwa na yeye. Bila yeye sikujua niangalie wapi.

Namalwa alikuwa nyuma. Hakupiga makofi, lakini alikuwa amekuja.

Jumapili, 15 Juni

Naivasha. Nimekwenda peke yangu, mikono mitupu. Namalwa alitaka nibebe unga, nikasema leo sitabeba kitu.

Jepkemei anakaa chumba kimoja katika safu ya vyumba vya wafanyakazi. Alifungua mlango akiwa amembeba Chepkorir kwenye gauni la bluu. Ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Amekonda, na anasimama akiwa ameegemea upande mmoja. Nilikuwa na hakika Mayur amefika kabla yangu akamwambia yote, na kwamba nitafungiwa mlango usoni. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mlango.

"Wewe ni Mzee Bethwel?" akauliza.

"Ni mimi. Mayur amekuambia?"

"Alikuja jana. Hakuniambia kitu. Alisema tu kesho atakuja rafiki yake, fundi, nimpe kiti, na nisimkatize mpaka amalize." Akasogeza stuli kwa mguu. "Kaa, baba."

Nikakaa. Na hata hapo, Mungu anisamehe, kabla sijafungua mdomo nilimwonea Mayur wivu mara nyingine tena, kwa sababu yeye alijua nitakuja, na mimi mwenyewe mpaka jana sikuwa nimejua. Mtoto alikuwa ananitazama. Nikaanza na saa nne na dakika kumi.